Palm IIIxe ya mjomba na laptopu isiyo na tundu lake

Swali limetoka kwa msomaji wa Masasi: "Mjomba wangu ni karani wa chama cha msingi cha korosho. Majina ya wakulima, namba za simu na kumbukumbu zake za tangu miaka ya 2000 mwanzoni ziko kwenye Palm IIIxe, kompyuta ndogo ya kiganjani, na bado anaitumia kila siku. Kompyuta ya mezani aliyokuwa akiiunganisha nayo imekufa. Kitako cha Palm kipo, na waya wake unaishia kwenye plagi yenye matundu tisa. Mimi nina laptopu ya Windows 11 na haina pa kuichomeka. Fundi kaniambia nianze kwa kubadilisha betri, kisha ninunue waya wowote wa USB. Je, nimsikilize?"

Hapana, betri usiziguse kwanza. Katika kazi nzima hii, hilo ndilo kosa lisilorekebishika. Mengine yote, hata ukinunua waya mbovu mara tatu, utapoteza hela tu.

Palm IIIxe, iliyotoka mwaka 2000, haina diski wala kadi. Kila alichoandika mjomba kiko kwenye RAM ya MB 8, na RAM hushika mambo pale tu inapopata umeme. Umeme huo unatoka kwenye betri mbili za AAA zilizoko mgongoni. Ukizitoa, kuna kapasita ndogo ndani inayoishikilia kumbukumbu kwa muda wa kubadilishia. Mashine ilipokuwa mpya muda huo ulikuwa kama dakika moja. Kapasita iliyopitisha miaka zaidi ya ishirini kwenye joto la kusini si ya kuiwekea dhamana ya majina ya wakulima. Wala usifikiri utatoa betri moja na kubakiza nyingine: zimefungwa kwa mfululizo, ukitoa moja njia nzima imekatika. Mashine itawaka tena vizuri kabisa, maana mfumo wake umehifadhiwa kwenye chipu nyingine, ila itawaka ikiwa tupu kama ilivyotoka dukani.

Kwa hiyo tazama alama ya betri juu ya skrini ya kuanzia. Kama una mita ya umeme, fungua kifuniko cha nyuma na upime betri zikiwa humohumo: betri mbili mpya kwa pamoja hutoa zaidi ya volti 3. Zikisoma 2.4 au zaidi, endelea na kazi bila kuzigusa. Zikiwa chini ya hapo, chukua simu yako na upige picha kila ukurasa wa majina na kumbukumbu muhimu kabla ya jambo lolote. Ni kazi ya kuchosha, lakini majina mia mbili hayamalizi jioni moja, na picha hizo ndizo bima yako. Hata betri zikiwa nzima ningezipiga picha kurasa za wakulima wanaodai.

Sasa waya. "Waya wowote" nao si ushauri. Kitako cha Palm III kinazungumza siriali ya RS-232, ile ya kompyuta za zamani, ambayo volti zake hupanda juu ya sifuri na kushuka chini yake. Unachohitaji ni kigeuzi cha USB kwenda siriali chenye plagi ya pini tisa, yaani dume, kwa kuwa plagi ya kitako ni jike. Kuna vitu vitatu vinavyofanana nacho ambavyo utauziwa kwa bahati mbaya. Cha kwanza ni kijibodi kidogo chenye pini nne au sita wanachotumia wanafunzi wa elektroniki. Hicho hutoa volti 3.3 au 5 tu, hakiteremki chini ya sifuri, na kukiunganisha na RS-232 moja kwa moja kunaweza kukiunguza. Cha pili ni waya wa mafundi wa mitandao, USB upande mmoja na plagi ya mtandao upande wa pili. Ndani ni mzuri, ila haukai kwenye kitako chako. Cha tatu ni kiungio cha kukatizia nyaya, kile kinachobadilishana pini 2 na 3. Kitako kimeshapangwa kuingia kompyuta moja kwa moja, hivyo ukiongeza kiungio hicho unaziba njia badala ya kuifungua.

Ndani ya kigeuzi kuna chipu, na tofauti ya bei iko hapo. Chipu ya FTDI ndiyo ya kununua ukiipata. CH340 inafanya kazi, ila kuna nyaya za bei ya chini kabisa zenye chipu za jamii hiyo ambazo hazifikishi volti hasi, na vifaa vingine hukataa kuzisikia. PL2303 ndiyo yenye mtego kwa mwenye Windows 11: draiva mpya ya mtengenezaji huzikataa kwa makusudi chipu za toleo la zamani pamoja na za bandia. Utajua ukifungua "Device Manager" na kukuta, badala ya jina la kawaida, maandishi kwamba PL2303HXA imeondolewa tangu 2012, au alama ya njano yenye "Code 10". Wapo wanaorudisha draiva ya zamani na ikafanya kazi, lakini Windows ikijisasisha huweka tena ile mpya, na mchezo unaanza upya. Rudisha waya dukani.

Masasi au Mtwara mjini, kabla ya kuagiza Kariakoo na kusubiri mzigo kwenye basi, waulize mafundi wa mizani za kidijitali. Vichwa vingi vya mizani vya maghalani vina tundu hilohilo la siriali, na fundi anayevirekebisha mara nyingi anatembea na kigeuzi kizuri begini. Unakihitaji kwa saa mbili tu, kwa hiyo kuazima kunatosha. Laptopu yako ikiwa na matundu ya USB-C peke yake, ongeza kile kiungio kidogo kinachotumika kuchomeka flashi kwenye simu.

Kigeuzi kikifika, kipime bila Palm. Kichomeke, fungua "Device Manager", tazama sehemu ya "Ports", uone kimepewa namba gani, tuseme COM7. Hapohapo ingia kwenye sifa za hicho kigeuzi, kwenye mipangilio ya juu zaidi, uishushe iwe COM3 au COM4. Programu za enzi za Palm hazielewani vizuri na namba kubwa. Kisha pakua PuTTY, programu ya kuandikiana na kifaa kupitia siriali, chagua "Serial", andika COM3, kasi 9600, na udhibiti wa mtiririko uwe "None". Chukua kibanio cha karatasi, kinyooshe, uguse nacho pini 2 na pini 3 za plagi kwa pamoja. Ni pini za pili na tatu za safu ndefu, na namba zimechongwa kwenye plastiki ukitazama kwa tochi. Andika herufi kwenye dirisha jeusi. Zikitokea, kigeuzi kinatuma na kupokea. Ondoa kibanio, andika tena: zisipotokea, kipimo kimekamilika. Dakika tano hizi zitakuokoa usiku mzima wa kulaumu Palm kwa kosa la waya.

Kitako nacho kikague. Mashine iliyokaa pwani, hasa nyumba za Shangani au Mikindani zinazopigwa na upepo wa bahari, huota ukijani kwenye vichomozi vya shaba. Kwa Masasi chumvi ni kidogo, ila vumbi jekundu linafanya kazi ileile. Futa vile vibati kumi vya chini ya Palm kwa kifutio cha penseli, polepole, ukiishikilia mashine wima ili betri zisicheze. Vijiti vya springi vya kitako vifute kwa pamba yenye spiriti na usivikunje. Usitumie maji, wala mafuta ya taa.

Programu inaitwa Palm Desktop, na toleo linalofaa mashine hii ni 4.1.4. Kampuni ya Palm ilinunuliwa na HP mwaka 2010 na tovuti yake ya misaada haipo tena, lakini faili la kusakinishia limehifadhiwa kwenye Internet Archive. Lipime virusi kwanza. Wakati wa kusakinisha, usikubali folda linayokupendekezea ndani ya "Program Files". Andika C:\Palm. Sababu ni hii: programu hii huweka data za mtumiaji ndani ya folda yake yenyewe, na Windows ya leo hairuhusu programu kuandika ndani ya "Program Files". Badala ya kukataa waziwazi, huyapeleka maandishi hayo pembeni kimyakimya, nawe unabaki ukitafuta faili ambazo hazipo pale ulipoelekezwa. Njia ya mkato ya programu ibofye kwa kitufe cha kulia, uchague kuiendesha kama msimamizi.

Usakinishaji utakuuliza jina la mtumiaji. Hapa tulia. Kwenye Palm gusa alama ya HotSync, yaani kulandanisha Palm na kompyuta; jina la mjomba litaonekana kwenye skrini hiyo. Liandike kwenye laptopu vilevile lilivyo, herufi kubwa na ndogo, nafasi na nukta. Ukiandika jina lingine, programu itakuuliza unalandanisha na nani, na hapo ndipo watu huchagua kwa kubahatisha.

Kabla ya kubonyeza kitufe cha kitako, fungua HotSync Manager kwenye kona ya chini kulia ya skrini. Washa "Local Serial". Kwenye "Setup", ukurasa wa "Local", chagua COM3 na kasi ya 9600 kwa mara ya kwanza, japo ni ya kobe. Kisha ingia "Custom", na kwa kila moja kati ya Date Book, Address Book, To Do List na Memo Pad, chagua "Handheld overwrites Desktop", maana yake Palm ndiyo yenye haki, laptopu ipokee. Chaguo linaloelekea upande wa pili lipo mstari mmoja tu karibu yake. Hilo litachukua utupu wa laptopu mpya na kuumwaga juu ya kumbukumbu zote za mjomba. Soma mara mbili, mwite mtu mwingine asome, kisha ubonyeze.

Palm ikae sawasawa kwenye kitako, bonyeza kitufe chake mara moja. Kama kitufe kimechoka, gusa alama ya HotSync katikati ya skrini ya Palm, "Local Sync". Kazi ni ileile. Utasikia mlio wa kupanda, halafu maandishi yataanza kupita.

Muda wake unaweza kuukokotoa. Kila herufi kwenye waya huu hula biti kumi, kwa hiyo kasi ya 9600 ni baiti 960 kwa sekunde. MB 1 huchukua karibu dakika 18. Kwa 115200 ni baiti 11,520, na MB hiyohiyo hupita kwa dakika moja na nusu. Halisi huwa polepole kuliko hapo, kwa kuwa Palm hutuma vifurushi vya baiti 1,024 na kusubiri jibu la kila kimoja, na vigeuzi vya USB huchelewesha jibu. Kigeuzi cha FTDI kina mpangilio wa kuchelewa uliowekwa milisekunde 16. Ukiushusha hadi 2, mwendo huongezeka waziwazi. Anwani na kumbukumbu za karani mmoja hazifiki MB 1 kirahisi. Ikikubali kwa 9600, panda hadi 57600 kwa safari zijazo. Ikikwama hapo wakati 9600 inapita, shuku kigeuzi kisichounganisha nyaya za RTS na CTS, zile zinazomwambia mwenzake "subiri kidogo". Kwa mwendo wa pole unaweza kuishi bila hizo.

Sasa yanayoharibika njiani. Ukiambiwa tundu la mawasiliano halipatikani, mara nyingi PuTTY bado imelishikilia, au umekichomeka kigeuzi kwenye tundu jingine la USB na Windows ikakipa namba mpya. Vigeuzi visivyo na namba ya utambulisho ndani hufanya hivyo kila mara. Tia alama tundu moja, ulitumie hilo tu. Palm ikisema inaunganisha kisha ikakata tamaa, bila laptopu kushtuka, tatizo liko kati ya vibati vya chini na plagi: safisha tena, kandamiza mashine kwa kidole inapounganisha. Ikianza vizuri ikakatika katikati, zima ile ruhusa ya Windows kuzima USB ili kuokoa umeme, iliyoko kwenye sifa za tundu la USB. Na laptopu iwe na chaji ya kutosha. Mkoa una gesi Mnazi Bay na Msimbati, lakini hilo halizuii taa kuzimika saa mbili usiku. Kulandanisha kukikatika, Palm haifuti chake, anza tena.

Windows ikigoma kabisa, usipigane nayo wiki nzima. Washa laptopu kwa mfumo wa Linux kutoka kwenye flashi na utumie pilot-link, programu ya kuzungumza na Palm. Amri ni moja:

pilot-xfer -p /dev/ttyUSB0 -b nakala

Iandike, bonyeza Enter, ndipo ubonyeze kitufe cha kitako. Kila kilichomo kitaingia kwenye folda iitwayo "nakala", kikiwa faili za .pdb na .prc: AddressDB ni anwani, MemoDB ni kumbukumbu, DatebookDB ni kalenda, ToDoDB ni orodha ya kazi. Herufi -b husoma tu, haiandiki juu ya Palm, na kwa sababu hiyo wengine huanza na njia hii hata kama Windows haijagoma. Ukikataliwa ruhusa, mtumiaji wako hayumo kwenye kundi la dialout. Kigeuzi cha CH340 kikitoweka ghafla kwenye Ubuntu 22.04, ondoa programu ya brltty: ni ya vifaa vya kusomea vya wasioona, na hukinyakua kigeuzi ikidhani ni kimojawapo. Kasi ya kawaida ni 9600; ukitaka zaidi, weka PILOTRATE=57600 mbele ya amri.

Data zikishaingia, nakili folda nzima ya C:\Palm, au ya "nakala", kwenye flashi mbili. Hapo sasa ndipo ubadilishe betri. Zima Palm, weka mpya mkononi, toa, ingiza, funga. Nunua za alkalini zenye tarehe nzuri, si zile za kaboni za bei rahisi zinazovuja na kula springi. Kapasita ikikusaliti na mashine ikaamka tupu, huna hasara: itakuuliza ugonge alama za kurekebisha skrini, kisha ingia tena "Custom", na safari hii, ndiyo, laptopu iiandikie Palm. Rudisha chaguo la kawaida ukimaliza.

Kutoa majina kwenda kwenye simu: fungua anwani ndani ya Palm Desktop, chagua zote, kisha kwenye menyu ya "File" uchague kuzitoa kama vCard. Faili hilo simu ya Android hulipokea moja kwa moja. Ukipendelea jedwali, chagua CSV, lakini usilifungue kwa kulibofya mara mbili. Excel itaona namba inayoanza na 0, iite hesabu, na kuitupa sifuri. 023 ya simu za mezani za Lindi na Mtwara itakuwa 23. Ingiza faili kupitia menyu ya data na uiambie safu za simu ni maandishi. Za mkononi namba nyingi za miaka ile zimeshabadilika hata hivyo, kwa hiyo kaa na mjomba mzipitie. Yeye ndiye anayejua nani bado anauza korosho na nani ni marehemu. Kumbukumbu zitoe kama maandishi ya kawaida. Kiswahili hakina herufi zenye alama juu, na ng' hutumia mkato wa kawaida tu, kwa hiyo hakuna kitakachoharibika.

Kwa wenye Palm za baadaye zenye kitako cha USB, kama m505 au Tungsten, maelezo ya kigeuzi hayawahusu. Draiva za Palm zenyewe ziliishia Windows za biti 32. Kampuni ya Aceeca ilitengeneza ya biti 64, ila Windows 11 huisumbua kwa sababu ya sahihi yake ya kidijitali. Kwao Linux ndiyo njia fupi: pilot-xfer ileile, na mahali pa /dev/ttyUSB0 waandike usb:

Mjomba akitaka kuendelea na Palm yake baada ya hapo, mwache, mradi uilandanishe kila mwisho wa mwezi na kila kabla ya kubadilisha betri. Ila mwambie mapema: kalenda yake haivuki tarehe 31 Desemba 2031.